Mabeseni Yaliyofunikwa Mchana

Wakati wa vakansi, shule zikiwa zimefungwa, Umuhire alikuwa na kazi zake za asubuhi. Alifagia parseli, kiwanja cha nyumba yao, akatoa vumbi jeusi la volkano lililoingia mpaka chini ya vitanda, kisha akabeba bidoni yake, dumu la njano la maji, na kushuka ziwani. Pale ufukweni kulikuwa na kijana wa kloro mwenye bomba la sindano mkononi. Bidoni ikijaa, kijana anatia dawa kidogo, mwenye bidoni anafunga kifuniko, safari ya kupanda inaanza. Watoto wote wa mtaa wa Lac Vert wanaijua safari hiyo, na shingo zao zinaijua zaidi.

Akifika nyumbani, hata kabla ya kufuta jasho, Umuhire alifunika maji. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Mwaka ambao kipindupindu kilipita mtaani, mdogo wake Chance alilazwa akiwa amekauka mwili mzima, na watu walikuwa wameshaanza kumpa mama yao pole. Mtoto akapona, Mungu asifiwe. Lakini tangu siku hiyo mama yao, Emerance, akiona ndoo iliyo wazi aligomba mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza.

Emerance alikuwa fundi wa kutia rangi vikwembe, vitambaa vya kujifunga. Nyuma ya nyumba alikuwa na atelie, karakana ndogo yenye mapipa, kamba za kuanikia na harufu kali ya soda ya kutilia rangi inayokamata pua tangu mlangoni. Buluu yake ya nili ilisifiwa mpaka mtaa wa Mabanga. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake na kuwasomesha, maana baba yao alikwisha kufariki. Tatizo lilikuwa moja tu: maji ya kusuuzia nguo yalimwagwa kwenye nyufa za miamba, na hakuna aliyejiuliza yanakwenda wapi.

Yalikuwa yanakwenda kwa Papa Harelimana. Mzee huyo alifuga samaki aina ya tilapia kwenye bwawa chini kidogo ya parseli yao. Asubuhi moja alikuta upande mmoja wa bwawa umekuwa wa buluu, na samaki wamejibana upande wa pili kama watu wanaokimbia moto. Hakugombana na mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa shefu wa mtaa, na shefu akaja mwenyewe.

"Mama Umuhire," shefu alisema, "sitaki kukunyima kazi. Lakini mpaka Jumamosi maji yako yawe safi. La sivyo, atelie inafungwa."

Emerance alishika mdomo. Jumamosi! Alikaa juu ya pipa lililopinduliwa, akahesabu siku kwa vidole, akarudia tena. Umuhire hakuwahi kumwona mama yake akikaa saa za kazi, na jambo hilo lilimtisha kuliko maneno ya shefu.

Aliyekuja kuwaokoa ni Madamu Mwavita. Huyu alikuwa mteja wa Emerance, tena asistanti wa kemia katika chuo kikuu kimoja cha mjini. Aliposikia habari hizo alifika na mabeseni mapana mawili, pamoja na gunia la mawe mepesi yenye matundu matundu. Umuhire alilitazama gunia lile kwa mshangao.

"Madamu, haya si mawe ya volkano tu? Sisi tunayakanyaga kila siku."

"Ni yaleyale," Madamu Mwavita alicheka. "Ila nimeyapaka kitu. Njoo uone."

Akamweleza taratibu. Mawe yalikuwa yamepakwa unga mweupe, aina ile ile inayotiwa kwenye rangi ya kupaka ukuta, uliochanganywa na unga wa makaa. Vyote viwili vilichomwa pamoja mpaka vikashikamana na jiwe.

"Makaa yanaikamata nili. Unga mweupe unaivunjavunja mpaka inabaki vipande vidogo sana visivyodhuru," alisema. "Lakini unga huu ni mvivu. Gizani unalala tu. Mwanga ukiugusa, unaamka na kuanza kazi. Na hata ukifanya kazi kutwa, wenyewe haupungui. Kitu cha namna hiyo tunakiita kichocheo."

Walipanga mawe kwenye mabeseni, wakamwaga maji ya buluu juu yake, kimo cha vidole vitatu tu ili mwanga ufike chini. Mbele ya shefu na Papa Harelimana walikubaliana kwamba Jumamosi samaki wadogo watawekwa humo. Wakiishi, maji ni salama, atelie inaendelea, na Papa Harelimana atafungua mfereji mdogo unaotoka kwenye mabeseni mpaka bwawani kwake.

"Mabeseni yakae wazi juani, asubuhi mpaka jioni," Madamu Mwavita alimwambia Umuhire kabla ya kuondoka. "Mama atakuwa sokoni, kwa hiyo ninakutegemea wewe. Umesikia? Wazi."

"Ndiyo, Madamu."

Alisikia, tena vizuri kabisa. Tatizo halikuwa masikio.

Siku ya kwanza mama alipotoka tu, lori la kwenda Sake lilipita na kuacha wingu la vumbi. Kuku wa jirani akaruka juu ya ukingo wa beseni moja, akanyoosha shingo. Maji wazi! Mchana kweupe, mbele ya vumbi na kuku! Alizunguka, akaenda, akarudi. Mwishowe mikono yake ilivuta shitingi, plastiki nyeusi ya kuanikia unga wa muhogo, ikafunika mabeseni yote mawili, na kuweka mawe kwenye pembe.

"Jua ni jua," alijiambia. "Shitingi ikipata joto, na maji yatapata joto humo humo. Si ni kazi ileile?"

Akaridhika. Kila siku mama alipoondoka alifunika, na kila jioni giza likiingia, kabla mama hajarudi, alifunua harakaharaka bila kuangalia rangi ya maji. Siku moja Lionel, mtoto wa Papa Harelimana waliyesoma naye darasa moja, alichungulia juu ya ukuta wa mawe.

"Munapika nini humo, Umuhire? Maharagwe?"

"Ni dawa ya maji. Kazi yako chunga samaki wenu."

"Dawa gani inalala chini ya shitingi kama mugonjwa?" Lionel alicheka, akaenda zake. Umuhire aliudhika, lakini hakufunua.

Ijumaa alasiri alivuta shitingi ili aone maji yalivyotakata. Akashtuka hata kile kipande cha shitingi kikamponyoka. Maji yalikuwa ya buluu! Buluu ileile ya siku ya kwanza, nzito, haionyeshi hata jiwe moja chini. Aliingiza mkono, akaukoroga, akautoa. Vidole vilitoka vya buluu.

"Mama yangu wee!" alisema peke yake. Kesho shefu angekuja. Kesho atelie ingefungwa, na ni yeye aliyeachiwa kazi.

Kwenye dirisha simu ya nyumbani ililia. Alikuwa Madamu Mwavita.

"Umuhire, habari ya maji? Yanaanza kutakata?"

Hapo palikuwa pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini woga ulilirudisha.

"Ndiyo, Madamu. Yanatakata."

"Na yalikaa wazi siku zote?"

"Wazi kabisa, Madamu."

"Safi sana! Wewe ni msichana wa kuaminika. Kesho basi."

Umuhire aliweka simu chini na kusimama katikati ya nyumba bila kujua aende wapi. Ndipo macho yake yalipoangukia chupa ya javeli, dawa inayotumika kung'arisha mashati ya shule. Akamkumbuka kijana wa kloro kule ziwani. Si anatia dawa inayonuka vilevile? Na watu si wanakunywa, hawafi? Ikiwa kidogo kinafanya maji kuwa mazuri, kingi kitayafanya mazuri zaidi!

Akamimina. Kwanza kikombe, kisha chupa nzima, akagawa kwenye mabeseni yote mawili. Buluu ikafifia mbele ya macho yake, ikawa kijani, ikawa njano hafifu, mpaka mawe ya chini yakaonekana. Umuhire alipumua. Kwa vile atelie ilinuka soda kila siku ya Mungu, hata mama aliporudi hakuhisi harufu nyingine. Aliona maji tu kwa mwanga wa taa, akapiga magoti na kusali kwa sauti.

Jumamosi watu walijaa parselini. Shefu alisimama karibu na mabeseni. Papa Harelimana alikuja na ndoo yenye samaki wachanga, Lionel nyuma yake. Madamu Mwavita alipoyaona maji alipiga makofi kama mtoto.

"Jamani! Hata kule maabara hayakutakata namna hii!" Akamgeukia mzee. "Papa, weka samaki wako."

Papa Harelimana aliinama, akawaachia samaki polepole. Waliogelea wakazunguka beseni mara moja. Emerance alitabasamu. Kisha samaki mmoja akaruka juu, akaanguka, akaanza kujipigapiga ubavuni mwa beseni. Mwingine akapanda juu kuhema, mdomo wazi. Mwingine akageuka tumbo juu. Ilichukua muda mfupi sana. Watu walikuwa bado hawajaelewa wanachokiona, na samaki wote walikuwa wanaelea wamekufa.

Lionel alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Hii ni sumu!" Papa Harelimana alipaza sauti. "Munaona? Ningefungua mfereji haya maji yaingie kwangu, ningekuta bwawa lote limekufa! Bwawa lote!"

"Mama Umuhire, umejionea mwenyewe," shefu alisema. "Atelie inafungwa leo. Sina namna."

Emerance alikaa chini, palepale kwenye mawe. Hakulia. Alitazama mikono yake yenye buluu ya miaka mingi, kama vile haikuwa yake. Umuhire alitamani ardhi impasukie. Hakuwa amemfanyia mama yake wema wowote, alikuwa amemmaliza.

Lakini lililomshtua zaidi lilikuwa bado linakuja. Madamu Mwavita alisogea mbele ya watu, uso umempauka.

"Papa Shefu, usimwadhibu mama huyu. Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyetengeneza mawe haya. Kama yameua samaki, basi yanatoa sumu nisiyoijua. Nitayakusanya yote niyatupe, na Jumatatu nitawaambia wakubwa wangu kwamba utafiti huu usimamishwe."

Aliinama na kuanza kutoa mawe, jiwe moja baada ya lingine, na machozi yanamdondoka. Umuhire alimtazama. Miaka ya kazi ya mtu huyu ilikuwa inaingia guniani kwa sababu ya chupa moja ya javeli, na mwenye chupa amesimama kimya! Alihisi kama mtu anamsukuma mgongoni.

"Madamu, acha!" alipiga kelele. "Si mawe! Ni mimi!"

Watu wote waligeuka.

"Ni mimi. Nilitia javeli. Maji yalikuwa buluu mpaka jana, nikaogopa. Nikakudanganya kwenye simu." Alikuwa analia sasa, maneno yanagongana. "Na hayakukaa wazi. Nilifunika na shitingi kila siku."

"Umuhire?" Emerance aliinuka taratibu. "Wewe? Mutoto wangu mimi?" Aliinua mkono, akaushusha bila kupiga. "Ulinitazama nikipiga magoti kumshukuru Mungu, na ulijua?"

Umuhire alikuwa amejiandaa kwa kofi. Swali hilo lilimuuma kuliko kofi.

"Ulifunika?" Madamu Mwavita alisimama na jiwe mkononi, macho yamemtoka. "Siku zote?"

"Kwetu maji hayaachwi wazi, Madamu. Kuku, vumbi... nilifikiri joto la jua litapita kwenye shitingi."

Madamu Mwavita alimtazama, akamtazama Emerance, halafu akajipiga kofi pajani. "Na mimi sikueleza! Nilisema wazi, wazi, kwa watu waliokaribia kuzika mtoto kwa sababu ya maji machafu. Papa Shefu, nakuomba mpaka Jumamosi nyingine. Mbele ya macho ya watu wote."

Shefu alimwangalia Papa Harelimana. Mzee aliwatazama samaki wake waliokufa. Mwishowe alisema, "Kwa sababu mutoto amesema mwenyewe bila kushikwa, sawa. Lakini kila siku nitakuja kuona."

Yale maji ya javeli Madamu Mwavita aliyaweka kwenye pipa la kando, akalifunga ili ayapeleke maabara. Akasuuza mawe na mabeseni, wakatia maji mapya ya buluu. Beseni moja wakalifunika kwa shitingi nyeusi. La pili wakalifunika kwa kioo cha dirisha la zamani, kikubwa, kilichooshwa vizuri.

"Yote mawili yamefunikwa, Mama Umuhire," alisema. "Kuku hataingia. Sasa tusubiri."

Wiki ile parseli iligeuka kuwa shule. Kila aliyepita alichungulia. Jua lilipokuwa kali, Madamu Mwavita alimwambia Umuhire aguse maji. Chini ya shitingi yalikuwa ya moto, yanafaa kuogea, tena ya buluu tupu. Chini ya kioo yalikuwa vuguvugu tu, na buluu ilikuwa imeanza kukimbia. Umuhire aliutoa mkono wake harakaharaka, akauangalia, akarudisha tena. Hakuamini.

"Yenye moto ndiyo yamebaki machafu?"

"Unga hautaki joto. Unataka mwanga," Madamu alijibu. "Shitingi yako ilileta joto, ikafukuza mwanga."

Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wengi zaidi. Beseni la shitingi lilikuwa bado la buluu. La kioo lilionyesha kila jiwe na kila tundu la jiwe. Papa Harelimana alimpa Umuhire ndoo.

"Weka wewe," alisema.

Aliwaachia samaki, akafumba macho. Hakusikia kitu. Alipofumbua, samaki walikuwa wamejificha katikati ya mawe, mikia tu inaonekana. Walisubiri. Shefu alikaa kwenye kiti, akanywa chai, akaimaliza. Samaki mmoja akatoka, akazunguka, akadonoa makombo ya mkate ambayo Lionel aliyatupia majini.

"Anakula!" Lionel alipiga kelele. "Jamani, anakula!"

Emerance alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkatika. Shefu alisema atelie iendelee, ila maji yote ya nili yapite kwanza kwenye mawe. Madamu Mwavita akaongeza kwamba maji yale ni ya bwawa, si ya kunywa. Ya kunywa yabaki yale ya bidoni yenye kloro na kifuniko. Kisha alimshika Umuhire bega.

"Sikiliza. Maji yalipobaki ya buluu, yalikuwa yanakuambia ukweli kwamba kuna kosa. Wewe ukayanyamazisha. Javeli haikuyasafisha, iliyavua rangi tu, sumu ikabaki humo na nyingine ikaongezeka. Ungeniambia Ijumaa kwamba yamekataa, tungetafuta sababu pamoja na kuiona. Kukosea katika kazi hakumwaibishi mtu. Kulificha kosa ndiko kulikoua samaki, na kungefunga atelie ya mama yako, na kungenifanya nitupe mawe mazuri kwa mikono yangu mwenyewe."

Umuhire alitikisa kichwa kukubali. Alimsogelea Papa Harelimana, akasimama mbele yake kwa adabu.

"Papa, unisamehe kwa samaki wako."

Mzee alimtazama. "Maji yakibaki ya buluu siku nyingine, na shefu anakuja kesho yake, utafanya nini?"

"Nitakuja kwako kusema, Papa. Hata kama ninaogopa."

"Utaniambia nini?"

"Nitasema: usifungue mfereji, maji hayajawa tayari."

Papa Harelimana aliinama, akaondoa jiwe lililoziba mfereji, akainamisha beseni la kioo, na maji yakaanza kushuka taratibu pamoja na samaki kuelekea bwawani.